Dakika Thelathini za Kidoti

Kiwandani kwao, kwenye kiwanda cha maji ya chupa, mama yake Kidoti alijulikana kama mtu asiyepindika. Kazi yake ilikuwa kupima maji kabla hayajatoka, na hakuwahi kutia sahihi kwenye chupa ambayo hakuipima. Msimamizi alishambembeleza, alishamfokea, wapi!

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Mwalimu wa piano alikuwa amempa Kidoti, mtoto wa miaka tisa, daftari la mazoezi. Ukurasa wa kwanza mwalimu aliandika kwa mkono wake: kila siku, hata kama ni kidogo, mkono mmoja kwanza, kisha mwingine, ndipo yote miwili, polepole, ukikosea rudia pale pale ulipokosea, usikimbilie mwanzo. Chini yake palikuwa na safu ya siku, ya dakika, na ya sahihi ya mzazi.

Lakini mama alikuwa akirudi kutoka kazini hoi, masikio yakivuma kwa mashine. Kidoti akigusa tu kinanda chao kidogo cha umeme, mama alisema, "Leo acha mwanangu, kichwa kinanipasuka." Leo ikawa kesho, kesho ikawa mtondo. Kinanda kikaishia uvunguni, kimefungwa kanga. Siku ya somo, wakiwa wameshavaa viatu, mama alijaza wiki nzima: dakika thelathini, thelathini, thelathini. Alibadilisha hata kalamu, bluu hapa, nyeusi pale, ili isionekane imeandikwa kwa mkupuo.

Mwezi wa nne wa masomo mwalimu alimwita mama ndani.

"Mama Kidoti, nikwambie ukweli bila kukuficha," alisema kwa upole, daftari likiwa mapajani. "Mtoto anayefanya nusu saa kila siku, sasa hivi mkono wake wa kushoto ungekuwa umeshajua njia. Wa huyu bado unapapasa. Bidii anayo, naiona hapa. Labda ni mzito tu. Si kosa lake. Tumpumzishe."

Kidoti alikuwa amesimama pale pale kando ya piano, akiangalia ncha za viatu vyake. Mama alifungua kinywa. Kilichotoka ni, "Asante, mwalimu."

Walitembea hadi kwenye kona ya duka la dawa. Hapo Kidoti akamshika mkono.

"Mama usiogope. Sikumwambia."

"Hukumwambia nini?"

"Kwamba unaandika wewe. Nilijua atakugombeza."

Uso umeumbwa na haya, lakini haya ya siku ile mama hakuwahi kuijua kabla. Mtoto alikuwa amekubali kuitwa mzito ili kumsitiri yeye, mtu mzima na akili zake. Akageuka, akamvuta Kidoti, wakarudi.

Ndani walimkuta mwanafunzi mwingine, mzee mmoja mlinzi wa benki, bado na sare yake. Mama alitamani kusubiri atoke. Alijua akisubiri hatasema.

"Mwalimu, yale ya daftarini ni uongo. Nimeandika mimi. Mtoto hajafanya mazoezi hata siku moja. Nilimkataza mimi."

Mzee aliondoa vidole kwenye piano taratibu, akajifanya anasoma noti. Mwalimu alisimama. Alipiga goti mbele ya Kidoti.

"Nimekuita mzito mbele ya mama yako. Nisamehe, mwanangu."

Kwa mama alisema neno moja tu: "Dakika kumi kila siku. Za kweli."

Kinanda kilitoka uvunguni jioni ile ile. Kichwa kiliendelea kuuma. Mama alijifunga kitambaa akakaa kando ya mtoto. Mkono wa kushoto ulichukua wiki tano kuelewana na wa kulia, na siku ulipoelewana Kidoti alicheka kwa sauti akaanza tena.

Mwalimu sasa anamsifu Kidoti mara kwa mara, mlangoni, mbele ya wazazi wengine. Wazazi hao hugeuka kumpongeza mama. Yeye hujishughulisha na zipu ya mkoba wa mtoto, na hata leo hajaweza kumtazama mwalimu usoni.