Jina la Mume wa Warkitu

Warkitu hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Si siku ya arusi, wala siku ya matanga. Wanawake wa rika lake hapa Tulu Boko walilelewa hivyo: jina la mume halipiti kinywani mwa mkewe, na anayelipitisha hana adabu, basi. Akimtaka aje kula alisema "wewe", au alisema "bwana", au aligonga mwiko kwenye chungu mpaka asikie. Watu wengine nao hawakulitumia, kwa sababu nyingine. Huku kwetu mwanamume akipata farasi wa maana, jina alilopewa na mama yake linawekwa kando, anaitwa baba wa farasi wake. Mume wa Warkitu alikuwa na Boora, dume la rangi ya vumbi lenye kifua kipana, kwa hiyo mji mzima ulimwita Abba Boora. Hata waliogombana naye walimtukania jina hilohilo.

Naye alikuja kwetu akiwa mgeni. Alivuka mto mkubwa kutoka upande wa pili, yeye na farasi wake, hana ndugu hana jamaa. Alipokuja kuposa alijitaja kwa baba yake Warkitu, jina lake na la baba yake, kama inavyotakiwa. Warkitu alikuwa nyuma ya kiambaza anakaanga shayiri, mkono ukasimama, na shayiri ikaungua. Mama yake alimsema kwa ile shayiri wiki nzima. Lakini jina alikwisha kulisikia, na lilimpendeza.

Lo, siku zile! Sasa hivi vijana wanapita na pikipiki zinazokohoa kama wagonjwa wa kifua, wanajiona wamefika. Hawakumwona Abba Boora kwenye uwanja wa sikukuu, mashada mekundu yakicheza shingoni mwa farasi, wenzake wakimfukuza na kumtupia fimbo kwa mchezo, yeye akijilaza ubavuni mwa Boora hata unadhani ameanguka, kisha huyo, ameketi tena anacheka. Akimaliza alimpitisha farasi polepole mbele ya wanawake, akijifanya hamwoni mkewe. Warkitu naye alijifanya anatazama mawingu. Nyumbani hawakusema lolote juu ya jambo hilo. Alimkaangia buni kwa siagi, na Boora akaingiza kichwa mlangoni kuomba chumvi, wakaishi hivyo kwa raha zao.

Mungu hakuwajalia mtoto. Hili lilikuwa zito kuliko linavyosikika, maana kwetu hakuna jina la ukoo. Mtoto ndiye anayelibeba jina la baba nyuma ya jina lake. Wazee walimshauri aoe mke wa pili. Alitandika farasi akaenda zake, na aliporudi jioni alimletea Warkitu kitambaa cha kichwa kutoka sokoni. Alikufa kwa homa kabla barabara ya lami haijafika. Kwenye mazishi Boora alizungushwa uwanjani na matandiko yake yote, na hapo hata waliokuja kula tu walilia.

Miaka ikapita. Baba yake Warkitu akafa, mama akafuata, na waliokuwapo siku ya posa wakaisha mmoja mmoja.

Ndipo akaja Daktari Hawi, binti mmoja mpole wa chuo kikuu, anachunguza vinasaba vya farasi wa milima yetu. Aling'oa nywele za mkia pamoja na mizizi yake, akauliza kila farasi amezaliwa na nani. Warkitu alimtajia bila kuhema: huyu mama yake Daama, na Daama baba yake Boora.

"Na mwenye Boora alikuwa nani, bibi?"

"Abba Boora."

"Jina la farasi ninalo. Nauliza la mtu."

"Ndilo hilohilo," alisema Warkitu, akainama kupuliza moto usiohitaji kupulizwa.

Mwaka uliofuata Daktari alirudi na majibu. Alisema farasi wetu ni mbegu ya peke yake, na kwamba damu ya Boora imo katika farasi wengi wa bonde hili kuliko ya dume lingine lolote alilolipima. Tulivimba vichwa, msiniulize. Mji ukaamua kusimamisha sanamu kwenye njia panda ya soko, farasi na mpanda farasi, kwa kufuata picha ya Abba Boora iliyotundikwa kwenye mgahawa wa chai. Kazi akapewa Lemesa, mchongaji wa hapahapa.

Lemesa alikwenda kwa Warkitu kwa heshima zote. Alimweleza kwamba chini ya sanamu ataandika maneno, na anataka jina la kuzaliwa la marehemu, kwa sababu wajukuu zetu wakisoma Abba Boora watajua farasi tu. Alikwisha kuuliza mji mzima na hakuna aliyelijua. Warkitu alimpa maziwa ya mgando, akamsindikiza mpaka kwenye ua, na jina hakumpa. Lemesa alisema ataacha nafasi kwenye jiwe, lakini sanamu ikishasimamishwa haitaandikwa tena.

Shoga yake Shurube, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alimkalia kooni.

"Unamwogopa maiti? Atafufuka akuchape?"

"Simwogopi. Hata akiwa hai sikumwogopa."

"Basi sema, tupumzike."

"Shurube, mtoto sikumpa. Hiyo heshima ndiyo niliyompa. Leo nimnyang'anye?"

Shurube alijitanda shuka lake akaenda zake.

Lakini maneno ya Lemesa yalikwisha kumwingia Warkitu. Alipokuwa akikanda unga aliwaza kwamba Boora yuko kila mahali: mabondeni anakula majani, chuoni nywele za wanawe zimehifadhiwa. Mwenye Boora yuko ndani ya kinywa kimoja cha bibi kizee, chenye meno ya kuhesabika. Siku kinywa kile kitakapofungwa, mwanamume yule atakuwa amekwisha kabisa. Akilitamka, amevunja adabu yake ya maisha. Asipolitamka, amemzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Uchungu ulimpanda akauacha unga.

Asubuhi ya kusimamishwa sanamu alitangulia peke yake mpaka uani kwa Lemesa. Farasi alikuwa amekwisha kuchongwa, kichwa juu, na mpanda farasi juu yake. Uso haukufanana sana, na Warkitu hakuutazama sana. Alitazama mguu. Lemesa alikuwa amemchonga bila viatu, kidole gumba kimebana kikuku cha kupandia kama walivyokuwa wakipanda zamani, na kidole chenyewe kimepinda kidogo nje, kama kwenye picha. Mguu ule Warkitu aliuosha kila jioni ya ndoa yake kwa maji ya uvuguvugu. Aliunyooshea mkono akaushika. Ulikuwa wa baridi.

"Wayesa," alisema.

Lilitoka dogo, la kukwaruza, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Lemesa aliyekuwa akikusanya vyombo vyake aligeuka akauliza, "Umesema nani, bibi?"

Warkitu hakumjibu yeye. Aliinua uso kumtazama aliye juu ya farasi, akaita tena, safari hii kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mbali malishoni:

"Wayesa!"

Kisha alitega sikio, kichwa amekiinamisha upande, mkono bado uko mguuni. Lemesa naye alisimama na patasi yake, asithubutu kusogea, kwa sababu ilionekana wazi kwamba bibi anasubiri kuitikiwa.