Unga Kwenye Feni

Kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, hapa Busia, kimepakana na mashine ya posho, ya kusaga mahindi. Inanguruma kutwa, na unga unaingia mpaka kwenye nyusi. Basi sisi mafundi wa mstari huu wa vibanda tuna ugonjwa mmoja: kompyuta ikiletwa inajikokota, hatuulizi. Unga huo! Tunapuliza feni, mteja anakwenda zake.

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Mulanda akaniletea laptopu. Alikuwa anaandika hadithi alizosimuliwa na wazee wa kwao, kwa kidole kimoja, mwaka wa sita sasa.

"Binti, nafungua ukurasa mmoja mpaka chai inapoa. Halafu inalia. Ka, ka, ka."

Niliinamisha sikio. Nikasikia posho tu. Nikapuliza feni, nikamwambia sasa itakimbia. Kwake Mulanda hakuna mashine ya kusaga hata moja, na mimi sikujiuliza unga ungetoka wapi. Wala sikumwambia anakili kazi yake kwenye flashi. Mjinga mimi.

Wiki mbili baadaye akarudi. Nikapuliza tena.

Mara ya tatu umeme ulikatika nikiwa nimeiwasha mbele yake. Mashine ya posho ikanyamaza. Laptopu ikaendelea kwa betri yake, na katika ule ukimya nikaisikia: ka, ka, ka. Diski ilikuwa inakufa. Nikachomeka flashi haraka, lakini kabla sijanakili hata hadithi moja, kioo kikaganda. Nilipoiwasha upya, diski haikuonekana tena.

Nilimweleza yote, pamoja na yale ya unga. Nilitegemea nitalia. Wapi! Nilikuwa mkavu kabisa.

"Wale walionisimulia wameshakufa," alisema. Hakupaza sauti.

Akaomba kalamu. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaandika majina ya hadithi nyuma ya kitabu changu cha risiti. Alifika ya tisa, akakwama.

"Hiyo ya kumi ilikuwa ya mama yangu," akasema.

Umeme ukarudi, posho ikaanza. Mteja mwingine akaweka kompyuta yake mezani, eti inajiburuta. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kipulizio.