Chai ya Kulainisha Mikono

Pale kwa dobi walimwita Mama Pasi, na jina lilimkolea hata akisikia lake halisi anageuka kuangalia anaitwa nani. Kazi yake kunyoosha. Wenzake wanafua, wanakamua, wanaanika. Yeye kutwa amesimama mbele ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, anapokea mashati ya watu wa maofisini, mashuka ya nyumba za wageni na sare za shule. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mgongo, na kifua mwisho. Wa kwake mgongo haukuwa na wa kuunyoosha. Akirudi nyumbani jioni alikuwa anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, maana cha ndani kilikuwa mbali.

Alikuwa na mbwembwe moja tu maishani. Wenzake wakitaka kujua pasi imeshika moto wanainyunyizia maji. Yeye analowesha kidole kwa mate, anakigusisha pale chini penyewe, chwii, na anakwambia huu moto wa hariri au huu moto wa jinzi. Wafanyakazi wageni walikuwa wanafumba macho. "Hivi vidole vimeshahitimu," anawaambia, na kuendelea na kola yake. Haya, kila mtu na kinachomvimbisha kichwa.

Mikono hiyo sasa, wacha tuiseme ilivyo. Viganja vilikuwa vigumu kama soli, vimechanika kwenye mikunjo, na ncha za vidole zilikuwa zinang'aa kwa kuungua na kupona, kuungua na kupona. Akikunja hariri ilimbidi atumie mgongo wa mkono, la sivyo uzi unanasa. Hakuwahi kuionea haya. Mikono hiyo ndiyo iliyomlea binti yake peke yake, ikamsomesha, ikampeleka kwa mumewe akiwa na sanduku lililojaa.

Kuionea haya kulianza mjukuu alipozaliwa. Mkwe alikuwa anafanya kazi mbali, basi binti akaja kujifungulia kwa mama yake na kukaa hapo likizo yote ya uzazi. Mama Pasi aliingiwa na furaha ambayo hata uchovu haukuweza kuigusa. Siku za mwanzo akaandaa beseni mwenyewe, akatia mkono majini, akaona sawa, akamtia mtoto. Mtoto akalia kilio cha kukata pumzi. Binti alikuja mbio, akamnyakua, akamfunika kwa kanga.

"Basi, mama. Nitakuwa namwogesha mwenyewe. Mikono yako..." akaanza, halafu akameza maneno.

Hakumalizia, na mama hakuuliza. Alivitazama viganja vyake akajijibu mwenyewe: vinamkwaruza mtoto. Tangu siku hiyo hakupewa tena kumwogesha. Alipewa kumbeba akiwa amefungwa vizuri, kama kifurushi cha mteja. Halafu siku moja, binti akiwa anakunja nepi, akasema bila kumtazama kwamba likizo ikiisha atampeleka mtoto kwa mama mkwe, huko ndiko akalelewe, yeye atakuwa anakwenda na kurudi kazini kutokea huko.

"Si nilisema nitaacha kazi nimlee mimi?" mama akauliza.

"Ulisema."

"Sasa?"

"Umechoka, mama. Pumzika."

Alichoka kweli, nani asiyejua. Lakini kuambiwa upumzike na mtu anayekunyang'anya kitu pekee unachokitaka, hilo ni neno gumu kulimeza. Alilimeza.

Kazini alimweleza mfuaji mwenzake, mwanamke waliyempa jina la Redio kwa sababu hakuhitaji kuwashwa ndipo aongee. Redio alikuwa na dawa ya kila kitu, na siku hizi dawa zote alizitoa kwenye simu.

"Chai ya kijani," Redio akasema, mikono ndani ya povu. "Bila sukari, bila maziwa. Inasafisha damu, na damu ikishasafika ngozi inatoka laini yenyewe, kuanzia ndani. Mafuta ya kupaka ni kujidanganya. Nitazame mimi uso."

Mama Pasi akamtazama. Uso ulikuwa unang'aa, ni kweli, ila ulikuwa unanukia mafuta ya nazi toka mlangoni. Mtu akizama hachagui kamba, anashika iliyo karibu. Jioni akapitia dukani akanunua pakiti.

Ilikuwa chungu, jamani. Chungu ya kukunja uso mpaka masikio. Alijikaza kisabuni akainywa asubuhi kabla ya kazi, mchana kwenye kikombe cha bati, na jioni tena, ikitoka jikoni inachemka, moja kwa moja mdomoni, maana mdomo nao ulishazoea. Ilimnyima usingizi. Ilimpeleka chooni kila mara mpaka tajiri wa pale akauliza kama siku hizi pasi zimehamia huko. Alivumilia. Kila asubuhi kabla hajatoka alikuwa anasimama dirishani na kupitisha kiganja kwenye shavu lake, akisikiliza kama ukali umepungua. Kuna siku aliona umepungua, akaenda kazini anaimba kimoyomoyo. Kesho yake uzi wa hariri ya mteja ukanasa kwenye kidole kama kawaida. Alichoka mchoko mwingine juu ya ule wa zamani.

Likizo ilikuwa inaelekea ukingoni. Begi la mtoto lilishawekwa juu ya kiti cha ndani, mdomo wazi, na kila siku lilikuwa linaongezwa kitu. Mama Pasi alikuwa analipita bila kuliangalia.

Siku ya mapumziko, alasiri, mtoto amelala, alimwona binti amejiinamia kitandani, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi. Akamwonea huruma. Akaingia jikoni, akatia majani, akamimina vikombe viwili. Kimoja akakishika kwa viganja vyote, akakitua kidogo, akakishika tena. Akaona kimepoa.

"Kunywa, mwanangu. Inarudisha ngozi, na wewe umekauka. Imeshapoa."

Binti akapokea, akapiga funda. Kikombe kikamtoka. Chai ikaruka huku na huku, naye akabaki kashika mdomo, machozi yamemjaa. Matone mengine yakamrukia mama ndani ya kiwiko, pale panapokunjika mkono, naye akashtuka akaurudisha mkono kwa nguvu. Pamemuunguza. Hakukumbuka mara ya mwisho chochote kumuunguza ilikuwa lini.

"Nilikishika mwenyewe," akasema. "Kilikuwa kimepoa."

Binti alikuwa anapepea ulimi. Alipoweza kusema alisema polepole, kama mtu anayetua mzigo.

"Hilo ndilo nililoshindwa kukwambia, mama. Siku ile ulipomwogesha, maji yalikuwa ya moto. Mgongo wake ulikuwa mwekundu mpaka kesho yake. Ulitia mkono ukasema sawa. Mkono wako hausikii moto."

Mama Pasi akakaa. "Si kwa sababu ninamkwaruza?"

"Unamkwaruza nini? Mimi umenikwaruza tangu nizaliwe, umewahi kunisikia nalalamika? Nilikuwa nalala kwa hiyo mikono."

Hapo ndipo uchungu ulipompata barabara. Alikuwa ameungua moyo kwa kudhani anachukiza, kumbe alimuunguza mtoto. Akalia, na hakujificha. Akakumbuka na mbwembwe zake za kidole na pasi, akaelewa kwamba miaka yote ile kidole hakikuwa kinahisi lolote. Alikuwa anapima moto kwa sikio, kwa ile chwii. Na maji ya beseni hayalii chwii.

"Ningekwambiaje?" binti akasema. "Kwamba mikono iliyonilea imekufa?"

Mama alikuwa anapapasa ndani ya kiwiko, pale palipobaki pekundu. Paliwasha. Pasi haijawahi kufika pale.

Jua lilipopungua ukali, saa ya kumwogesha mtoto, alileta beseni mwenyewe. Binti akasimama mlangoni, anamtazama. Mama akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani, akainama, mgongo ukalia, akachovya kiwiko. Akakitoa.

"Moto," akasema.

Akaongeza maji baridi, akachovya, akasikiliza kwa ile ngozi ndogo iliyobaki hai. Akaongeza tena. Mara ya tatu akakaa na kiwiko majini muda, macho ameyafumba.

"Sasa."

Binti akaja akatia mkono wake. Mama alimwacha, wala hakununa, alijua ana haki. Binti akautoa, akaufuta kwenye kanga, akamletea mtoto.

Mtoto hakulia. Alipiga maji teke moja akamlowesha bibi yake usoni.

Kazini, wiki iliyofuata, Redio akauliza habari za chai.

"Nimeacha," Mama Pasi akasema. Alikuwa amelowesha kidole kwa mate. Akakifuta kwenye aproni, akachukua maji akainyunyizia pasi kama wenzake.

"Kwani haikusaidia?"

"Ilisaidia."

Nyumbani, begi lilikuwa bado juu ya kiti. Lakini jioni hiyo alipofika na kujitupa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, miguu inawaka, binti alimwita kutoka jikoni bila kutokeza kichwa.

"Mama, maji hayo hapo. Mwogeshe, mimi mikono yangu ina unga."

Alisubiri kidogo aone kama binti atakuja kupima. Hakuja. Basi akanyanyuka, na uchovu wake wote, akapandisha mkono wa blauzi.