Mahindi ya Mbegu Juu ya Taa

Mimi ni mtu wa kujivuna, sifichi. Nilipopewa ukuu wa shule hapa Kamina, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka plafo, yaani dari ya mbao, kwenye saluni, sebule yangu, na ndani ya plafo taa kumi na mbili, zile ndogo zinazozama kwenye mbao na kuangaza chini. Mgeni akiingia, nilikuwa nawasha swichi kabla hata ya kumpa kiti.

Mtaani kwetu umeme huja ukipenda. Kwa hiyo ukija tulikuwa tunaacha taa zote zinawaka mchana kutwa, kama watu wanaolipiza kisasi. Mimi mwalimu nilikuwa wa kwanza kwa ujinga huo.

Mwaka uleule nilimtoa mama kijijini aje kukaa nami. Alikuja na mbegu yake ya mahindi, ile aliyoachiwa na mama yake, na nikamtafutia shamba kando ya mji. Kijijini mbegu hutundikwa juu ya jiko la kuni, moshi ukawafukuza wadudu. Kwangu tunapika kwa makaa, uani, na kuni nilimkatalia kabisa kwa sababu zingechafua ukuta wangu mweupe. Hakubishana nami.

Msimu wa kwanza shamba lilijaa. Wa pili, mahindi yaliota moja hapa, moja kule. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi. Alipanda, akarudia kupanda, udongo ukabaki mtupu. Alikuwa anarudi jioni na kukaa anatazama viganja vyake.

"Mukono yangu ilisha kufa," aliniambia. "Mbegu inanikataa. Shamba, mupatie muntu mwingine."

Nilikuwa nimechoka na makaratasi ya shule, nikamjibu vibaya: "Basi mama, weye umezeeka. Pumzika." Neno lile lilinitoka kama mate. Mwezi wa tisa ulipofika, watu wote wakaenda kusafisha mashamba, yeye akabaki amekaa kwenye kiti cha plastiki, hata kula anakula nusu. Niliogopa sana. Mama asiye na shamba sikumjua, na niliona kwamba nikikosea tena nitampoteza angali hai.

Jumapili moja tulirudi kutoka misa, saluni inanuka mahindi ya kuchoma. Nilidhani ni kwa jirani. Kisha nikaona plafo imegeuka rangi ya chai kuzunguka taa moja. Hapo nikazima kila kitu, nikamwita fundi, mzee mmoja mstaafu wa reli aliyetunza umeme wa stesheni miaka mingi.

Alipanda ngazi, akasukuma kifuniko cha plafo, akaingiza kichwa.

"Madame," akasema, "huku juu muko na gala?"

Akateremsha gunzi moja la mahindi. Upande mmoja ulikuwa mweusi.

Nilimgeukia mama kwa sauti ninayotumia kwa wanafunzi. Unataka kutuchoma? Unapanda huko juu nikiwa kazini, na umri huo? Hakutikisika.

"Kule kuko moto muzuri," akasema. "Kwetu tunatundikaka juu ya jiko. Huku ulinikataza jiko. Nikaona, taa njo jiko yenu."

Fundi akashuka. "Mama, si kosa yako. Hizi taa zinatoaka moto kwa mugongo. Hata bila mahindi zingeunguza, sababu hakuna kitu inazikinga, na nyaya zimefungwa na utepe ya skochi tu, zinalala juu ya mbao." Halafu akaligeuza lile gunzi, maana hapa hata fundi wa umeme ana shamba lake. "Na hii njo munapandaka?"

"Ee."

Akavunja punje kwa ukucha, akamwonyesha kiini. Kilikuwa cha kahawia. "Hii ilisha kuiva, mama. Hata ungeipanda kwa bustani ya bapadri, haingeota."

Mama akaichukua ile punje, akaisogeza karibu na macho.

"Na za mwaka ule mwingine?" aliuliza polepole. "Nazo nilizitia palepale."

"Basi nazo zilipikwa."

"Kumbe haikukuwa mukono yangu," akasema, akakaa chini sakafuni, miguu imenyooka, akalia na kucheka pamoja. Nami nilibaki nimesimama na aibu yangu.

Fundi alifanya kazi siku mbili. Alitoa zile taa zote, akaweka sita za LED, akasema saluni si uwanja wa mpira. Juu ya kila moja aliweka kifuniko cha bati na kuacha nafasi wazi pembeni, nyaya akaziunganisha ndani ya visanduku vyake, vumbi na maganda akayafagia. Taa mpya unaigusa mgongo kwa mkono na huungui. Zinakula umeme kidogo mno, hata betri ya paneli yetu ya jua, iliyokuwa inazimika upesi, sasa inazibeba zote sita. Na siku hizi mimi ndiye polisi wa swichi.

Dada yake mama alituma mbegu ileile kutoka kijijini, mfuko mzima umefungwa nyuma ya pikipiki, unanuka moshi. Nilijenga kibanda cha jiko la kuni uani, palepale kwenye ukuta wangu, na ukuta ukawa mweusi kabla ya Noeli.

Wiki mbili baada ya kupanda alinipigia simu nikiwa shuleni, akasema niende shambani, basi. Nilikwenda na viatu vyangu vya ofisi. Mistari yote ilikuwa imejaa, kijani mpaka mwisho wa shamba, wala hakuna pengo. Nikamwomba msamaha kwa lile neno la uzee.

"Vua viatu," akanijibu bila kuinua kichwa, anang'oa magugu. "Na majani nayo iliota."