Bunduki ya Baba na Ndege wa Mvua

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Bahi, hapakuwa na mtu aliyethubutu kumrushia mumbi hata jiwe. Ndege yule mweusi, mkubwa kama bata mzinga, mwenye kidevu chekundu, alitembea mashambani mwetu taratibu kama mzee anayekagua ng'ombe, na wanaume walimpisha njia. Akilia alfajiri, ule mlio wake mzito kama ngoma ya mbali, Bibi alikuwa akisema, "Haya, anaiita." Alikuwa anaita mvua. Kumuua ilikuwa sawa na kuichinja mvua yenyewe. Hayo tuliyajua kabla hatujajua kunawa uso vizuri.

Sasa nakaa Ipagala, nyumba ya bati, bomba linatoa maji linapojisikia, na wajukuu wangu wananicheka nikiwasimulia habari za mumbi. Wacheke tu. Hawakumwona baba yangu siku ile mlangoni.

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno. Simvunjii heshima, kwa sababu hata mimi nimemrithi, na majirani hapa wakitaka kujua nani kaachika na nani kaolewa hawaendi kwingine. Kazi yake ilikuwa kilimo, lakini kipaji chake kilikuwa kilabuni. Palipo na pombe ya uwele na watu wa kumsikiliza, Baba alikuwa tajiri.

Mwaka mmoja ndege wa kwelea kwelea walitushukia shambani wakatuachia mabua. Gobore lilitaka kibali na lilitaka hela, na sisi hatukuwa na kimojawapo. Baba akanichukua mpaka Dodoma mjini, kwa Mhindi mmoja muuza baiskeli, akanunua bunduki ya upepo, ile ya bei rahisi kuliko zote.

"Kule Ulaya wanachezea watoto hii, Mzee," yule Mhindi alimwambia. "Ndege mdogo inaangusha. Lakini usimpige nayo mnyama, utamuudhi bure."

Njiani Baba akaniambia, "Talu, yale maneno yake ya mwisho hukuyasikia."

"Sikuyasikia, Baba."

Bunduki yenyewe haikuwa na baruti. Unaikunja katikati kwa nguvu zako zote, springi iliyo ndani inajikaza, unatia kirisasi kidogo kama punje ya mtama, unaikunjua. Ukifyatua, springi inasukuma upepo, na upepo unasukuma risasi. Ilikuwa na kisirani chake: ukiibana kwa nguvu inarukaruka na risasi inakwenda inakotaka. Ilibidi uishike kwa ulegevu, kama unavyoshika kifaranga. Siri hiyo aliigundua Mama, siyo Baba. Baba alikuwa anasimulia bunduki kilabuni. Mama ndiye aliyeshinda nayo shambani akipiga kwelea kwelea. Siku moja alinipa nipige kopo. Nililipata, nikajiona mkuu wa wilaya.

Kilichotuponza ni mafuta. Siku ya kwanza ya kuilainisha, uani kwetu pamejaa watu waliokuja kushangaa, Baba aliimiminia mafuta ya karanga bila kipimo. Alipofyatua, mafuta yakaungua mle ndani, ikalia kishindo kikubwa na moshi ukatoka mdomoni. Kina mama wakapiga kelele. Tangu hapo hakuna ambaye angeambiwa akaamini kwamba ile ni bunduki ya kuchezea, na Baba hakuwa na haraka ya kumwambia mtu. Kilabuni moshi ule ukazaa watoto. Kwanza bunduki iliua digidigi. Baadaye ikaua pofu, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe. Mwisho Baba akasema, "Hii, mbuni anakaa chini mwenyewe."

Mwaka uliofuata mvua ilianza vizuri. Uwele ukafika magotini, kisha mvua ikakata. Mawingu yalikuja kila mchana, yakatuangalia, yakaondoka. Majani ya uwele yakajikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Mama alikuwa ananyonyesha mdogo wangu, na kwa kuwa chakula kilipungua, maziwa nayo yakapungua. Mtoto alikuwa akivuta ziwa, analiachia, analia bila machozi. Mimi nilimbeba mgongoni, na kila siku nilimwona mwepesi zaidi. Nilidhani ni mimi ninayepata nguvu.

Wakati huohuo Baba akaangushwa na homa. Alilala ndani amejifunika blanketi, hata kwenda chooni Mama alimshika mkono. Bibi, ambaye ndiye mama yake mzazi, alishinda anamkanda paji la uso kwa kitambaa chenye maji.

Ndipo Mama Nyemo, jirani yetu, akamkuta mumbi amekufa kando ya kisima kilichokauka. Nampa haki yake yule mama: kwa umbea mimi si kitu mbele yake. Alijua mimba ya mtu kabla mwenye mimba hajajua. Alipofika kwetu kutuambia, habari ilikuwa imeshapita kila nyumba, na hukumu ilikuwa imeshatolewa, maana bunduki kijiji kizima ilikuwa moja.

"Mwanangu hajanyanyuka kitandani tangu mumbi akiwa hai," Bibi alisema.

"Mama gani atasema mwanawe alikuwa mzima?" Mama Nyemo akajibu.

Wazee wakakaa, wakasema nchi imeharibika, wanawake waisafishe. Kwetu Wagogo kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na ilikuwa na namna yake. Wanawake waligeuka wanaume. Walivaa nguo za waume zao, wakabeba fimbo na mikuki, wakatoka kundi zima wakiimba matusi, wakauchukua ule ubaya na kwenda kuutupa mpakani, upande jua linakotua. Siku hiyo wanaume ndio walikuwa wanawake. Walikaa ndani, na mwanamume aliyekutwa njiani ilimbidi awaamkie shikamoo. Ila ubaya haubebwi hewani. Sharti ajulikane aliyeuleta, akiri, atoe kitu alichokosea nacho, kitu hicho ndicho kibebwe. Naye aliyekiri alibaki na alama: watu hawanywi naye tena kibuyu kimoja.

Walikuja kwetu jua likiwa utosini. Mama yangu alikuwamo. Asingeweza kukaa pembeni wakati nyumba yake ndiyo inayotajwa. Alikuwa amevaa suruali ya Baba, ameifunga kiunoni kwa kamba. Miaka mingine tungecheka mpaka tukae chini. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Wewe mwanamke uliyemo ndani!" Mama Nyemo alipaza sauti. "Toka! Toka utuambie umetupikia nini!"

Baba akatoka, akasimama mlangoni na blanketi lake, ameshika mwimo. Kabla hajafungua mdomo, Mama akasema, "Mleteni huyo ndege."

Wakamleta. Mama akamtundika kwenye nguzo ya zizi, akaingia ndani, akarudi na bunduki. Akaikunja, akatia kirisasi, akaishika kama kifaranga. Akafyatua. Tuliona risasi ikimgonga mumbi kifuani na kuanguka mavumbini. Mama akasogea, akapiga tena kwa karibu. Ikaanguka tena. Mama Nyemo akaiokota, akaitazama kiganjani. Ilikuwa imebonyea kama choroko iliyokanyagwa.

"Haiui hata kuku," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa na ushindi. "Mume wangu ni mwongo. Kuua, hajaua."

Nilitegemea vigelegele. Badala yake mmoja akakaa chini, palepale kwenye mchanga wa moto. Mwingine naye akakaa. Wakakaa wote, na mikuki yao, na makoti ya waume zao, na Bibi akakaa nao. Nilikuwa mdogo lakini nililielewa lile jambo, kwa sababu lilikuwa usoni kwa kila mmoja. Kama hakuna aliyemuua mumbi, basi hakuna cha kubeba. Mvua imekatika hivihivi tu, bila sababu, na watoto watakufa hivihivi tu.

"Sasa tubebe nini?" mmoja aliuliza. Mama aliishusha bunduki polepole. Nadhani naye alikuwa ameanza kuona alichokifanya.

"Ni mimi," Baba akasema.

Vichwa vikageuka.

"Kifuani haiingii, mke wangu kasema kweli. Mimi nilimkuta kisimani amesinzia. Nikamwekea mdomo wa bunduki jichoni."

"Baba Talu!" Mama alipiga kelele. "Ulikuwa kitan—"

"Leo wewe ni mwanamume," Baba alimkatiza. "Usinitetee kama mke."

Bibi akainuka. Yeye aliyekuwa akikamua kitambaa juu ya paji la uso la mwanawe akamsogelea, akatema mate chini mbele ya miguu yake. "Toa," alisema. Mama akampa Baba bunduki, Baba akampa Bibi, na Bibi akamrudishia Mama aibebe. Wimbo ukaanza. Wanawake wakanyanyuka mmoja mmoja, wakajipukuta, wakaondoka kuelekea jua linakotua, mama yangu mbele na bunduki begani.

Nikabaki na mtoto mgongoni. Baba alikuwa ameketi kizingitini, jasho linamtoka.

"Wameinuka wote?" aliniuliza.

"Wote, Baba."

"Niletee maji."

Bunduki waliitupa mpakani, kwenye nyufa za mbuga. Mdogo wangu akafa kabla ya mvua. Waliokuja kumzika walikuwa wachache, na hao wachache walisimama mbali na Baba, wakiona kwamba mumbi amejilipa. Kisha mvua ikanyesha. Haikuwa nyingi na shamba letu lilikuwa limeshaungua, lakini mtama wa mabondeni ulisimama, na watu wakala. Mvua hiyo ndiyo iliyomfunga Baba. Kabla ya hapo angeweza kukana. Nani angemsikiliza sasa?

Mtu yule wa maneno akawa anakunywa peke yake. Aliingia kilabuni na kibuyu chake, watu wakasogea. Alivumilia, mwisho akaenda Kibaigwa kubeba magunia ya mahindi kwa watu wasiomjua, akawa anatutumia debe kila akipata lori la kulipakia. Sikupata kumsikia tena akisimulia jambo lolote.

Nimemfikiria sana. Siku nyingine nasema aliwahurumia wale wanawake. Siku nyingine, nikikumbuka kaburi lile dogo na watu waliosimama mbali, namkasirikia, nasema alishindwa tu kuvumilia kijiji kijue kwamba bunduki yake ni ya kuchezea, akaona heri aitwe muuaji. Namjua Baba. Yote mawili yanamkaa.

Baba alipokwisha kuzikwa, na Mama amezeeka, nilikaa naye tunachambua mlenda, wawili tu, nikamuuliza. Nilitaka kumsikia mtu mmoja duniani akisema kweli.

"Mama, yule mumbi aliuawa na nani hasa?"

Hakuinua macho. "Baba yako."

"Mama, mimi nilikuwepo."

"Nami nilikuwepo," alisema. "Ni baba yako."

Alilisema kwa upole, kama anayefunika kitu kisipoe. Tangu siku ile nimejua kwamba alikuwa amemsamehe, au kwamba kitu kilichogharimu kiasi kile hakuwa tayari kukiona kinapotea bure. Sikumuuliza tena. Niliendelea kuchambua mlenda.