Meneja na Meno ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Meneja, ingawa hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa chini yake. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwenye chumba kimoja nyuma ya zahanati, na timu yake ilikaa ndani ya simu. Ulikuwa mchezo wa simu: unachagua waendesha baiskeli wa kweli wa mbio kubwa; wakifanya vizuri, wewe unavuna pointi. Yeye mwenyewe baiskeli hakuijua. Hata kwenda kununua mkate hapo kona aliwasha gari. Lakini msimu ukianza utamsikia: "Leo upepo wa ubavuni utatutesa." Utatutesa! Yeye na mto wake wa kukalia.

Siku ya mbio za milimani alikuwa na kazi mbili za kukabidhi: meno ya mama mkwe wake, na ya muuza nyama, pande la mtu lenye taya la kutafunia kokoto. Meneja alikuwa anang'arisha seti ya mwisho, simu kaiegemeza kwenye chupa ya spiriti, mara mwendesha baiskeli wake wa milimani akachomoka na kuwaacha wenzake.

"Twende, mwanangu! Usigeuke nyuma!"

Mama mkwe, aliyekuwa kitini mdomo wazi, akageuka nyuma kutazama nani anaitwa. Meneja akamrudisha kichwa, akamtia meno bila kubandua macho kwenye simu.

"Mkwe wangu, mbona makubwa hivi?" Maneno yalitoka na miluzi. "Mdomo haufungi."

"Ni mageni tu, mama. Utayazoea."

Kwa heshima ya ukwe, mama akaenda nayo nyumbani. Akashindia uji. Akienda kwa majirani akitabasamu, watoto wanamkimbia. Mwishowe binti yake, mke wa Meneja, akachoka, akamshika mkono mpaka kwa fundi. Wakamkuta muuza nyama mlangoni, kafunga kitu kwenye leso.

"Fundi, haya yamepotelea mdomoni. Nusura niyameze!"

Mama akageukia ukutani, akayatoa ya kwake, akayafuta, akamkabidhi mwenyewe. Muuza nyama akayapokea kwa ncha za vidole.

Hapo Meneja akapiga ukelele. Wote wakadhani ni majuto.

"Kaanguka! Mtu wangu kaanguka kwenye mteremko!"

"Mama yangu kashinda na meno ya mwanamume mdomoni," mkewe akasema, "na wewe unamlilia mtu asiyejua kama upo?"

"Subiri kwanza nimbadilishe, muda unaisha."

Siku hizi mama mkwe na muuza nyama wanatibiwa kwa fundi wa mtaa wa pili, na muuza nyama humwekea mama steki laini. Meneja alimaliza msimu akiwa amewapita kwa pointi umati wa watu asiowajua. Akatangaza mezani, kifua mbele.

Mama mkwe akamaliza kutafuna, bila haraka.

"Hongera, baba. Nisogezee maji."