Kopo la Maji Nyuma ya Pikapu

Gereji ilimhamisha fundi wa bodi za magari kutoka langoni hadi nyuma ya stoo ya rangi kwa kosa la kusema kweli, na hiyo ni dhuluma hata ikiitwa utaratibu. Kila mteja alipouliza kama pikapu yake inahitaji bitana ya plastiki ya kufunika sakafu ya nyuma, mama huyu alipanda nyuma miguu mitupu, akapapasa sakafu kwa kiganja chenye sugu, akamwaga kopo la maji na kungoja aone yatatuama wapi. Mteja mmoja alimfuata hukohuko stoo.

“Unabeba nini, mwanangu?”

“Magodoro, mama.”

“Magodoro yamkwaruze nani? Bitana itafuga maji chini yake, na maji hayana adabu. Nenda zako.”

Meneja alisikia. “Fundi, unafukuza riziki!”

“Riziki haifukuzwi, baba. Pikapu yako je, umewahi kuinua bitana ukachungulia?”

Meneja alicheka, lakini jioni aliinua. Kidole chake kilipenya bati lenye kutu kama mkate uliolowa. Hakuomba radhi, wakubwa hawana mazoea hayo. Ila tangu Jumatatu, tarehe nne Mei, kigoda cha fundi kiko langoni, na kopo kando yake.